Utafiti wa baada ya uzamivu: nipimeje kama umeme umebadilisha maisha vijijini Kigoma na Tabora?

Mwanamalagarasi

Habari zenu wakuu. Naanza utafiti wa baada ya uzamivu, miezi 24, kuhusu upatikanaji wa nishati na hali ya maisha vijijini. Maeneo ni Uvinza na Kasulu kwa upande wa Kigoma, Urambo na Sikonge kwa upande wa Tabora. Fedha imeshapatikana ila maombi ya kibali sijapeleka, kwa hiyo mbinu bado zinabadilika. Naomba mzichambue bila kunionea haya. Kosa la usanifu likishaingia uwanjani hakuna hesabu ya kulitoa.

Mpango ulivyo sasa ni huu. Swali kuu: je, umeme wa gridi umeongeza kipato cha kaya? Nachukua vijiji 30, kaya 20 kila kijiji, jumla 600. Vijiji 15 vina umeme, 15 havina. Dodoso moja la saa moja na robo, mzunguko mmoja, kwa tableti yenye KoboToolbox (programu ya kukusanyia data). Umeme nitaupima kwa maswali mawili, "Je, kaya ina umeme?" na "Mwezi uliopita mlilipa shilingi ngapi?", kisha nithibitishe kwa picha za satelaiti za mwanga wa usiku. Upande wa kupikia nitauliza idadi ya mizigo ya kuni na magunia ya mkaa kwa wiki.

Ninachotaka kujua: sampuli inatosha? Hivyo vipimo vya umeme vitasimama mbele ya wahakiki wa jarida? Na niingie uwanjani mwezi gani, ikiwa bajeti ni ya mzunguko mmoja tu?

Hesabu_za_Urambo

Karibu mkuu, na umefanya vizuri kuuleta mpango kabla ya kibali.

Nianze na kigawanyo cha vijiji, maana utafiti wako wote umeegemea hapo. Tanzania Bara ina vijiji 12,318 na REA (Wakala wa Nishati Vijijini) imeshavifikisha karibu vyote kwenye laini. Ukitafuta kijiji kisicho na umeme leo utabaki na vile vya pembezoni kabisa, kama vya mwambao wa kusini wa Uvinza, na hivyo havilinganishiki na kijiji cha kando ya lami kwa lolote. Tofauti ya kweli sasa iko ndani ya kijiji. Transfoma inasimama karibu na ofisi ya kijiji, shule na zahanati, na kitongoji cha kilomita 3 nyuma yake hakina hata nguzo. Bara kuna vitongoji zaidi ya 64,000 na kazi ya REA imehamia huko. Fanya kitongoji ndicho kipimo chako.

Pili, laini haikupita kwa bahati nasibu. Ilifuata barabara, ukaribu na msongo wa kilovolti 33, na wingi wa nyumba. Kitongoji kilichotangulia kupata umeme kilikuwa tayari na maduka, mashine ya kusaga na mabati. Ukikiweka mizani moja na kile cha gizani, unapima barabara na kuiita umeme. Taryn Dinkelman, katika utafiti wake wa Afrika Kusini uliotoka 2011, alilikwepa tatizo hili kwa kutumia mwinuko wa ardhi, kwa kuwa laini ni ghali kupandisha mlimani, na akaona ajira ya wanawake ikipanda. Usiichukue mbinu hiyo kama ilivyo. Milima ya Kasulu na Buhigwe inagusa pia kahawa, mvua na barabara, na hivyo vyote vinagusa kipato bila kupitia umeme.

Kinachowezekana ndani ya miezi 24 ni kutumia foleni ya mkandarasi. Mradi wa vitongoji ulipangwa kwa vitongoji 15 kila jimbo, na orodha yake haifichwi. Halmashauri na mbunge wanayo. Chukua vitongoji vilivyomo kwenye orodha na bado havijaguswa, kisha tafuta wenzao wa kata hiyohiyo ambao hawamo, wenye umbali ule ule kutoka barabarani na idadi ya nyumba inayokaribiana. Kusanya data ya awali kabla nguzo hazijashushwa. Maana yake ni mizunguko miwili. Kwa neno "umebadilisha" lililoko kwenye kichwa cha swali lako, mmoja hautoshi. Afadhali upunguze kaya ulipie safari ya pili.

Andika tarehe nne kwa kila kitongoji: nguzo kusimama, waya kuvutwa, transfoma kuwashwa, mita ya kwanza kufungwa. Kati ya ya kwanza na ya tatu miezi inaweza kupita mingi, na watu wanaanza kufunga nyaya za ndani wakiwa bado gizani. Athari ihesabiwe tangu transfoma ilipowashwa, na data ya awali iwe imetangulia hata hizo nguzo, la sivyo matumaini ya watu yatakuwa yameshaingia ndani yake.

Kuhusu kipato, mimi ningekiondoa kwenye swali kuu. Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, ruzuku ya kuunganishwa ikagawiwa kwa kura, matokeo yakachapishwa 2020. Kwa bei kamili ya wakati ule, shilingi 35,000 za Kenya, walijitokeza wachache sana, na waliounganishwa kwa ruzuku hawakuonyesha mabadiliko makubwa ya kiuchumi katika muda waliofuatiliwa. Dinkelman aliyeona athari alikuwa na sensa mbili zilizopishana miaka mitano. Katika miezi yako 24 toa kibali, data ya awali na kumsubiri mkandarasi. Umeme wenyewe unaweza kubakiwa na miezi 9 tu ya kufanya kazi. Ndani ya miezi 9 hubadilika gharama za betri kavu na za kuchaji simu, saa za mwanga jioni, saa za mtoto kusoma, vifaa vilivyonunuliwa, na umbali wa kwenda kusaga.

Hilo la kusaga lina mtego wake. Mota nyingi za mashine za kusaga ni za fezi tatu. Kitongoji kilichovutiwa fezi moja hakiwezi kuziendesha. Mwenye mashine anabaki na dizeli yake, halafu ripoti inasema umeme haukugusa uzalishaji wakati kilichokosekana ni waya mbili. Fundisha wadadisi waangalie juu: laini ndogo ya waya mbili zilizoachana ni fezi moja, waya nne ni fezi tatu. Nyaya zikiwa zimesokotwa pamoja usikisie, fuata hadi kwenye transfoma uone.

Sasa sampuli. Kaya za kitongoji kimoja zinafanana, kwa hiyo kaya ya ishirini haikupi taarifa mpya kama ya kwanza. Hesabu ni 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni kaya kwa kitongoji na r ni mfanano wao. Kwa mambo ya umeme r huwa kubwa, kwa sababu transfoma ni moja, weka 0.2 uone. Kaya 20: 1 + 19 × 0.2 = 4.8, na 600 ÷ 4.8 ni 125. Yaani kaya zako 600 zina nguvu ya kaya 125. Zile zile 600 ukizisambaza kaya 10 kwenye vitongoji 60, unapata 1 + 9 × 0.2 = 2.8, sawa na kaya 214. Kwa kipimo cha ndiyo au hapana kilichoko karibu na nusu, mpango wako wa sasa hauwezi kuona tofauti iliyo chini ya pointi 25 za asilimia hivi. Wa vitongoji 60 unashuka hadi pointi 19. Ukiongeza tena kaya ziwe 20 kwenye hivyo 60, gharama ya madodoso inakuwa maradufu na unapata pointi 18. Haifai. Data ya awali itakusogeza chini zaidi, kwa sababu utakuwa unaangalia mabadiliko ya kaya ile ile.

Kwa wadadisi 5, kila mmoja kaya 4 kwa siku, vitongoji viwili kwa siku vinawezekana tu vikiwa kata moja. Usiweke siku 30, weka 45.

FundiMita

Naungana na mkuu hapo juu, nami nichukue upande wa vipimo.

Swali "Je, kaya ina umeme?" litakuvuruga tangu siku ya kwanza. Mtu mwenye paneli juu ya bati atakwambia "hatuna umeme, tuna sola", na jirani yake mwenye paneli kama hiyo atajibu "ndiyo". Mwingine ana waya kutoka kwa jirani mwenye mita. Uliza chanzo kimoja kimoja: TANESCO kwa mita yenu, TANESCO kwa mita ya mwingine, sola ya nyumba, taa ya sola ya mkononi, jenereta, betri ya kuchajisha, betri kavu. Kisha uliza kipi ndicho kikuu kwa taa.

Halafu tumia mfumo wa ngazi wa Benki ya Dunia wa 2015, ngazi 0 hadi 5, badala ya ndiyo na hapana. Ngazi ya 1 inataka angalau wati 3 na wati-saa 12 kwa siku. Ya 2 wati 50 na wati-saa 200. Ya 3 wati 200 na kilowati-saa 1. Pamoja na hayo kuna saa za kupatikana kwa siku nzima, saa za jioni, kukatika, ubora wa volti, uwezo wa kulipa, uhalali na usalama. Kaya inapewa ngazi ya sifa yake iliyo dhaifu kuliko zote, usichukue wastani.

Paneli usisome kibandiko ukaishia hapo. Wati 50 kwa jua la saa 4.5 ni wati-saa 225. Toa upotevu wa waya, vumbi, joto na betri, ubaki na asilimia 70, ni karibu 158. Haifiki 200, kwa hiyo ni ngazi ya 1 ingawa kibandiko kinasema 50. Na betri iangalie: ya volti 12 na ampea-saa 7 inatunza wati-saa 84 ikiwa mpya, na huwezi kuimaliza yote bila kuiua. Hapo kinachobana ni betri, paneli hata ungeizidisha.

Matumizi ya fedha. "Mwezi uliopita mlilipa ngapi" ni swali la kukumbuka, na watu hununua LUKU kidogo kidogo, 1,000 leo, 2,000 Jumamosi. Omba kuona meseji za manunuzi kwenye simu. Nakili tano za mwisho: tarehe, kiasi, uniti. Humo mna mambo matatu ambayo dodoso halikupi.

La kwanza ni aina ya mteja. Kwa bei ninazozifanyia hesabu hapa, D1, yaani mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya VAT asilimia 18, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 na ya REA asilimia 3, jumla 122. Shilingi 1,000 inatoa uniti 8.2. T1, mteja wa kawaida, ni 292 kabla ya makato, yaani 356, na 1,000 inatoa uniti 2.8. Ukigawanya kiasi kwa uniti unajua yuko wapi bila kumuuliza. Hakiki bei inayotumika siku ya kwenda.

La pili ni kodi ya jengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021 kwa nyumba zinazohusika. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanaweza kuonekana yana uniti chache ajabu. Ukiyahesabu yote kama umeme, umempandishia mtu bei kwenye data yako.

La tatu ni wapangaji. Nyumba yenye vyumba sita na mita moja inavuka uniti 75 kwa mwezi bila shida, inaingia bei ya juu, na mpangaji wa taa mbili analipa karibu mara tatu ya mwenye nyumba ya peke yake. Mfumo wa ngazi unapima uwezo wa kulipa kwa gharama ya uniti 365 kwa mwaka, isiyozidi asilimia 5 ya matumizi ya fedha ya kaya. Kwa D1 hizo ni shilingi 44,530. Kwa T1 ni kama 130,000. Kaya zenye kipato sawa zitaangukia pande mbili za mstari kwa sababu ya mita tu. Huko Kasulu mjini na Urambo mjini hili ni jambo la makala nzima.

Gharama ya kuunganishwa isikupoteze. Ada ya kijijini ni 27,000, lakini anayekwama mara nyingi amekwama kwenye kufunga nyaya za ndani. Uliza gharama ya nyaya peke yake, na kama aliwekewa UMETA, kile kifaa cha umeme tayari kinachookoa nyumba ndogo na gharama hiyo. Pima pia umbali kutoka nguzo iliyo karibu. Ndani ya mita 30 haihitajiki nguzo nyingine. Zaidi ya hapo mambo hubadilika. Pima kwa futi kamba, kwa sababu GPS ya tableti inaweza kukosea mita 5 au zaidi, na mstari wako uko kwenye 30.

Kosa moja dogo linaloharibu safu nzima ya data ni saa. Mkuu wa kaya anasema umeme ulikatika saa 2, mdadisi anaandika 2:00, programu inaelewa usiku wa manane. Weka kwenye fomu orodha ya kuchagua: "saa 2 asubuhi", "saa 2 usiku", na nambari ya saa 24 ijijaze yenyewe nyuma. Saa za jioni za mfumo wa ngazi ni saa 12 jioni hadi saa 4 usiku.

Kibirizi_Mwaloni

Mwanga wa satelaiti uweke pembeni. VIIRS, kihisi cha satelaiti kinachopiga picha hizo, ina pikseli ya karibu nusu kilomita na hupita huku mnamo saa 7 na nusu usiku. Kijiji cha Uvinza chenye taa 80 za LED saa hizo kimelala. Utakiona ni cheusi na umeme kinao.

Na kuna tatizo la upande wa pili. Usiku wa giza Ziwa Tanganyika lote kuanzia Kibirizi hadi kusini linang'aa kwa taa za wavuvi wa dagaa, mbalamwezi ikitoka wanabaki nchi kavu. Pikseli za mwambao huchukua mwanga huo, kwa hiyo vijiji vya ufukweni "vinapata umeme" na "kuupoteza" kila mwezi. Tabora nako moto wa misitu ya miombo wakati wa kiangazi unaacha alama. Ukilazimika kuitumia, futa pikseli zote zilizo ndani ya kilomita 2 kutoka ufukweni.

Hilo la mwezi liingize pia kwenye dodoso. Ukimuuliza mvuvi mapato ya wiki iliyopita siku nne baada ya mbalamwezi, atasema sifuri na atakuwa mkweli. Uliza mwezi mzima kwa vipindi viwili, giza na mbalamwezi. Na kalenda ya kufungwa kwa ziwa uifuate. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Mei 15 hadi Agosti 15. Data ya awali ya Mei na ya mwisho ya Septemba zitakuonyesha maendeleo ambayo ni ziwa kufunguliwa.

Jiko_na_Bani

Kwenye kupikia msipite haraka, maana ndiko nishati nyingi ya kaya inakokwenda.

"Mzigo wa kuni" si kipimo. Wa mama aliyeubeba kichwani na ule wa baiskeli ni vitu viwili. "Gunia la mkaa" nalo, moja kilo 40, jingine la lumbesa kilo 75. Pima kwa uzito, siku tatu mfululizo, yaani ziara nne saa ile ile. Siku ya kwanza mtenge rundo la kuni pamoja na mwenye jiko, mkalipime kwa mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, mkalifunge kwa utepe. Kaya ipike kutoka rundo hilo pekee. Kila siku pima kilichobaki, na wakiongeza, kinachoongezwa kinapimwa kwanza. Toa mkaa unaobaki jikoni kama wanautunza kwa matumizi ya baadaye. Kwa gesi ni rahisi: pima mtungi siku ya kwanza na ya mwisho, mizani yenye usahihi wa gramu 50 au chini yake, kwa kuwa kaya ndogo inaweza kutumia gramu 200 tu kwa siku.

Unyevu wa kuni upimwe kila ziara, magogo matatu, sehemu tatu kila gogo, na gogo lipasuliwe uchome sindano ndani. Nje huwa kukavu na kunadanganya. Vifaa vingi vinasoma unyevu kwa msingi wa kuni kavu: kikisema asilimia 25, kwenye uzito wa kuni mbichi ni 0.25 ÷ 1.25, yaani asilimia 20. Wengi wanasahau kubadili na nishati yote inapindika.

Gawanya kwa walaji, na usihesabu vichwa vitupu. Mtoto hadi miaka 14 ni 0.5, mwanamke wa zaidi ya hapo 0.8, mwanaume wa 15 hadi 59 ni 1, wa zaidi ya 59 ni 0.8. Baba, mama, bibi na watoto watatu ni 4.1. Wakitumia kilo 24 kwa siku tatu, ni kilo 1.95 kwa mlaji kwa siku. Andika waliokula kila siku, wageni wakiwemo. Siku yenye msiba, harusi au mnada iruke urudi siku nyingine.

Urambo na Sikonge kuna bani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto wa usiku na mchana kwa karibu wiki nzima kila awamu, kuanzia kama Januari hadi Aprili, na kuni za bani na za jikoni mara nyingi zinalala kwenye lundo moja nyuma ya nyumba. Bila rundo lenye utepe nililosema, utaandika kwamba mama wa Urambo anapikia kilo 15 kwa mlaji. Uliza pia mashina yanayoletwa kwa ajili ya bani kama matawi yake ndiyo yanayokwenda jikoni. Kaya nyingi za tumbaku zinaweza kuonekana "hazinunui kuni" kwa sababu hiyo, na jiko jipya halitapunguza ukataji wa miti hata kidogo kama matawi yalikuwa yanakuja na gogo la bani.

Kwa Kigoma ongeza maganda ya mbegu za mawese na mashudu kwenye orodha ya nishati. Madodoso mengi hayana mstari huo.

Kuhusu jiko linatumika kweli au limewekwa juu ya kabati, usiulize. Weka kipima joto kidogo kinachojirekodi. Cha aina ya DS1922L hakipaswi kuzidi nyuzi 85, cha DS1922T nyuzi 125, kwa hiyo kwenye mafiga kifunge upande wa nje wa jiwe, mbali na mdomo wa moto. Kikirekodi kila dakika 10 kwa kumbukumbu ya vipimo 8,192, kinakaa siku 56. Weka kingine ukutani kupima joto la chumba. Bila hicho, mchana wa Oktoba wa Tabora utaonekana kama chakula cha mchana.

Mwanamalagarasi

Asanteni sana, wakuu. Nabadili: vitongoji 60 × kaya 10, mizunguko miwili, swali liwe matumizi na ubora wa umeme, kipato kinatoka. Kupima kuni nitafanya kwenye kaya 120 tu. Nimebaki na mawili. Kwanza, nilitaka pia kutumia Kigoma kuhamia gridi ya taifa, kuanzia 2022 wilaya za kaskazini zilipoanza kutolewa kwenye jenereta za dizeli kupitia Nyakanazi, nilinganishe na Tabora iliyokuwa kwenye gridi siku zote. Pili, nina fedha ya vifaa 60 vya kurekodi volti. Niviweke wapi? Na taratibu za kibali, kuna cha kuangalia zaidi ya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia)?

Hesabu_za_Urambo

Kuhamia gridi ni tukio moja lililogusa wilaya nzima siku moja. Hata ukiwa na kaya 5,000, upande wa Kigoma una tukio moja, na miaka hiyo hiyo wakimbizi wa Burundi walikuwa wanarejea kwao na ziwa likafungwa. Lieleze kwenye sura ya mazingira ya utafiti, usilitolee makadirio ya athari. Na msomaji akumbushwe kuwa umeme wa Kigoma bado unabadilika. Mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi pale Igamba ni wa megawati 49.5, ukianza kuzalisha katikati ya mizunguko yako miwili, andika tarehe.

Kibali_Kwanza

Ndugu, mpangilio ni huu. Maadili kupitia chuo chako. Ukigusa mwili (shinikizo la damu, kifua, kipimo cha moshi kinachovaliwa na mama) unahitaji pia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba). COSTECH kama wewe au mwenzako mkuu ni raia wa nje. Watafiti wa vyuo vya ndani waulize ofisi ya chuo barua inayotambulika. Kisha Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Barua ya mkoa wa Kigoma haikufungulii Tabora, ziwe mbili. Beba nakala 60 zilizogongwa mhuri. Kila mtendaji atataka yake ya kubaki nayo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Namba ya mita, namba ya simu na GPS ya nyumba ni taarifa binafsi. Viweke kwenye faili tofauti lenye nywila, na data ya uchambuzi ibaki na namba ya kaya pekee. Kama mfadhili yuko nje, kanuni za kupeleka taarifa nje zisome kabla hujasaini mkataba wa kushirikiana data.

Meseji za LUKU zinahitaji ridhaa yake yenyewe, mstari wa peke yake kwenye fomu, kwa sababu simu hiyo hiyo ina meseji za fedha. Mwenye simu aifungue na kuishika mwenyewe, mdadisi asome tu. Na kama sampuli ya Kasulu itaangukia kambi ya Nyarugusu, ruhusa ni ya Wizara ya Mambo ya Ndani, safari nyingine kabisa. Iondoe mapema kwenye fremu, yaani orodha ya kuchagulia sampuli.

FundiMita

Vifaa 60: chukua transfoma 20, vitatu kila moja. Usitawanye 60 kwenye transfoma 60. Kifaa kimoja kikizima huwezi kujua kama laini imekatika, mtoto amekichomoa, au LUKU imeisha. Hesabu kukatika pale tu vifaa viwili au zaidi vya transfoma moja vinapozima dakika moja. Kimoja kikizima peke yake, andika kama tukio la nyumba, na ukilinganisha na meseji za LUKU utajua ni mara ngapi kaya inakaa gizani huku laini ina moto. Takwimu za shirika haziwezi kukuonyesha hilo.

Cha kwanza karibu na transfoma, cha pili katikati, cha tatu nyumba ya mwisho ya laini. Volti hushuka kadiri unavyokwenda mbali, na zaidi saa 1 hadi saa 3 usiku. Weka kipimo chako wazi, mfano 207 hadi 253, asilimia 10 chini na juu ya 230, uhesabu dakika zilizo nje. Chagua vyenye betri ya ndani, virekodi kila dakika, na saa zake zote uzilinganishe siku moja kabla ya kuvigawa. Zikipishana dakika tatu kanuni ya "dakika moja" inakufa.

Visichomekwe baada ya stebilaiza. Utarekodi volti ya stebilaiza, imenyooka 230 mwaka mzima. Fuata waya kwa mkono hadi ukutani.

Kifaa cha wati 2 kinakula uniti 1.44 kwa mwezi, shilingi 176 kwa D1 na 513 kwa T1. Mpe kila kaya 1,000 kwa mwezi ya LUKU na umweleze ni ya nini, na soketi apewe ya ziada, kifaa kisigombanie nafasi na chaja ya simu.

Mwanamalagarasi

Nimeelewa. Transfoma 20, kumi kila mkoa. Wiki ijayo naweka hapa dodoso la majaribio, sehemu ya vyanzo vya umeme na fomu ya saa.